Jina la Kibao na Jina la Kinywa

Katika wilaya ya Ngara majina mengi ya mahali hutanguliwa na mu-: Murusagamba, Murugwanza, Murukulazo. Kiambishi hicho ni ndugu wa kile kisikikacho katika "humu" na "mumo" za Kiswahili, nacho chadokeza kuwa majina hayo yalitoka vinywani mwa wenyeji kabla ya karani kuyaandika. Walakini katika wilaya hiyo hiyo kuna Benaco, jina la kampuni ya Kitaliani iliyopiga kambi hapo ilipokuwa ikijenga barabara. Mwaka 1994, wakimbizi wa Rwanda walipovuka daraja la Rusumo kwa malaki, jina hilo lilienea duniani, na Kasulo, jina la kata, likajulikana zaidi katika majalada.

Huko kinywa kiliishinda karatasi pasipo ugomvi. Penye ugomvi swali ni gumu zaidi, kama lilivyo Makerere. Bweni moja la wanaume katika chuo kikuu hicho liliitwa Northcote, kwa heshima ya Sir Geoffry Northcote, aliyepata kuwa gavana wa Hong Kong toka 1937 hata 1941. Baadaye chuo kikaliita Nsibirwa. Martin Luther Nsibirwa alikuwa Katikiro wa Buganda. Tarehe 5 Septemba 1945 alipigwa risasi akafa penye kanisa kuu la Namirembe, mara baada ya Lukiiko kukubali sheria ya kutwaa ardhi, ambayo kwayo chuo hicho kilipata nafasi ya kupanuka.

Wanafunzi wengi hawakulipokea jina jipya. Waliendelea kujiita watu wa Northcote, hata wale walioingia chuoni jina hilo limekwisha kufutwa, na kulitamka kukawa namna ya kuwakatalia wakubwa. Ni kioja: wapinzani wa amri walishikilia jina la mtawala wa kikoloni, na wenye amri wakamtukuza Mwafrika aliyeuawa. Adhaniaye kuwa jina la wapinzani ni la ukombozi sikuzote na aitazame Makerere.

Mwandishi wa kamusi, ramani au historia hana hiari katika jambo hili. Sharti aandike Northcote, kwani pasipo jina hilo msomaji wa kumbukumbu za wahitimu hatatambua ni nyumba gani inayosemwa. Kulitundika ukutani ni shauri jingine. Kibao hakielezi tu watu huitaje mahali; hutaja pia nani astahiliye kukumbukwa, na mazoea ya bweni, yajapokuwa na nguvu, hayatoshi kumwondoa mtu aliyeuawa kwa ajili ya ardhi ya chuo.

Iko tofauti na pembe ya Uhuru Park, Nairobi. Mwaka 1992 akina mama wa wafungwa wa siasa, pamoja na Wangari Maathai, walikaa hapo wakigoma kula, wakavurumishiwa mabomu ya machozi. Mahali pale pakaitwa Freedom Corner. Jina hilo lilibeba tendo lililotendeka papo hapo. Northcote halibebi tendo lolote la namna hiyo. Mwaka 2015 ukumbusho wa walioteswa wakati wa Mau Mau ulizinduliwa katika pembe hiyo, na habari zake zilipataja mahali kwa jina lile lile la mgomo.