Historia ya Neno "Kipande" katika Masasi na Newala

Maneno ya Kiswahili yatajayo kilichotengwa na kizima ni mengi, wala asili zake si moja. "Sehemu" latokana na neno la Kiarabu "sahm", lenye maana ya mshale na pia ya haki ya mtu katika mgawo. "Kiungo" latokana na kuunga. "Kipande" ni neno la Kibantu, ndugu wa "pande" na "upande".

Kwa desturi ya lugha, kipande hudai kizima chake. Twasema kipande cha muhogo au kipande cha nguo, asiposikia "cha", msikilizaji huuliza, "Cha nini?"

Desturi hiyo ilivunjika zama za ukoloni. Katika mashamba ya Tanganyika mfanyakazi alipewa kadi, ikatiwa alama kila siku aliyomaliza kazi yake, naye akalipwa zilipotimia siku 30. Kadi hiyo ndiyo iliyoitwa kipande. Wamakonde, Wamakua na Wayao waliotoka Newala na Masasi kwenda mashamba ya mkonge ya pwani ya Lindi walilikuta huko. Kiswahili chenyewe hakikuwa kigeni kwao: tangu mwaka 1876 Masasi ilikuwa na makazi ya watumwa waliokombolewa, waliofika kutoka Unguja pamoja na Askofu Edward Steere. Wala umbo halikuwatatiza Wamakonde na Wayao, kwani "ki-" ya Kiswahili kwao ni "chi-". Kigeni kilikuwa maana.

Nchini Kenya jina hilohilo lilipewa cheti cha sheria ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa mwaka 1919. Mwanamume Mwafrika alikivaa shingoni ndani ya kibweta cha bati. Tanganyika kipande kilihesabu siku za mtu. Kenya kilichunga mienendo yake.

Kusema kwamba maana "ilipanuka" hakutoshi. Kilichotukia ni kufutwa kwa "cha". Aliyesema "nimemaliza kipande" hakuulizwa cha nini, ingawa kizima kilichokatwa kilikuwa maisha yake mwenyewe.

Mwaka 2005, Mfuko wa Umoja ulipoanzishwa Tanzania, mgawo wa mwekezaji uliitwa kipande. Hapo "cha" imerejea: ni kipande cha mfuko, na mwenye nacho anakijua kizima chake. Yafaa basi watungao kamusi wazipange maana hizi kwa utaratibu wa miaka, maana zikichanganywa, historia ya wavuja jasho wale hufichika.