Mpini wa Bakora na Njia ya Ujiji

Katika somo la historia ya biashara, mwalimu alituonyesha picha kutoka orodha ya mnada wa Ulaya. Ilikuwa bakora ya karne ya 19: mti mweusi, pete ya fedha shingoni, na mpini wa pembe ya ndovu uliochongwa kichwa cha mbwa wa kuwinda mwenye masikio yaliyolala na macho ya kioo. Darasa zima lilimsifu mchongaji. Mimi nilitafuta katika maelezo pembe ile ilitoka wapi, sikuona neno.

Bakora hizo hazikubebwa na wagonjwa wa miguu. London na Paris zilikuwa sehemu ya vazi la bwana, kama kofia na glavu. Hata Marekani, Benjamin Franklin alimwachia George Washington katika wasia wake bakora yenye kichwa cha dhahabu chenye umbo la kofia ya uhuru. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia mtindo ulififia, bakora zikasahaulika kabatini, na wakusanyaji wakaanza kuzitafuta. Mwaka 1983 Catherine Dike alitoa kitabu, Cane Curiosa, kuhusu bakora zilizoficha panga, bunduki na vifaa vingine.

Siwadharau wakusanyaji. Wanajua kusoma kitu kuliko wengi wetu tunaosoma historia. Pete ya fedha ya Kiingereza ina mihuri midogo: mmoja wa mji ilikopimwa, mwingine herufi ya mwaka. Mpini wenyewe huutazama pale ulipokatwa. Pembe ya ndovu huonyesha mistari inayokatana kama wavu. Mfupa una vitone vyeusi. Seluloidi, iliyotengenezwa kuiga pembe, ina mistari iliyonyooka sambamba. Kwa njia hiyo mkusanyaji anaweza kutaja mji na mwaka wa pete. Tembo hana muhuri.

Hata hivyo tunajua mengi kuhusu njia. Wachongaji walipenda pembe za Afrika Mashariki kwa sababu ni laini na hazipasuki upesi, na katika karne ya 19 Zanzibar ilikuwa soko lake kuu. Wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walipata mkataba na Seyyid Said mwaka 1833, wakaleta kitambaa ambacho hadi leo tunakiita merikani. Sehemu kubwa ya pembe walizonunua iliishia katika vibao vya piano na vitana. Mipini ya bakora ilikuwa kazi ndogo zaidi, na wachongaji wa Dieppe na Erbach ni miongoni mwa waliosifika Ulaya kwa kazi ya pembe.

Kabla ya Zanzibar kulikuwa na Bagamoyo, Tabora, Ujiji, na ng'ambo ya ziwa Nyangwe na Kasongo. Pembe zilipimwa kwa frasila, takriban kilo 16, na kutoka Ujiji zilisafiri zaidi ya kilomita 1,000 mabegani mwa watu. Vitabu vya zamani husema kila pembe ilibebwa na mtumwa. Hilo si sahihi kwa kila njia: Wanyamwezi wengi walikuwa wapagazi wa ujira, wenye ustadi na sifa yao. Lakini magharibi ya ziwa, pembe nyingi zilipatikana kwa uvamizi, na Tippu Tip mwenyewe, katika tawasifu yake ya Kiswahili, hafichi kwamba alipigana.

Kwetu Burundi, Mwami Mwezi Gisabo aliwazuia watu wa Rumaliza wa Ujiji wasiingie milimani. Nilipomweleza babu habari ya kichwa cha mbwa, alicheka. Kwake fimbo yenye heshima ni intahe, ambayo bashingantahe huigonga chini wanapoamua kesi. Haina mapambo. Heshima yake inatokana na maneno ya anayeishika.

Siku hizi Uingereza imebana biashara hii. Sheria ya pembe za ndovu ya mwaka 2018, iliyoanza kutumika 2022, inaruhusu kuuza kitu cha kabla ya Machi 3, 1947 ikiwa pembe haifiki asilimia 10 ya ujazo wake, pamoja na misamaha mingine michache. Kwa hiyo mwenye bakora hulazimika kulinganisha ukubwa wa mpini na wa mti. Huulizwa umri na kiasi.

Asili pia inaweza kuulizwa. Wanasayansi wamekwisha kupima isotopu za pembe za biashara ya karne ya 19 ili kukisia tembo waliishi na kula katika mazingira gani. Kinachohitajika ni unga kidogo tu kutoka ndani ya pembe. Mwenzangu mmoja aliuliza nani atakubali kichwa cha mbwa wake kitobolewe. Mwalimu alifikiri kidogo, akasema makumbusho labda. Mkusanyaji, ni vigumu, kwa sababu tundu hilo litapunguza bei.