Ajali ya ndege ya Arkley (1975)

Ajali hii ya ndege ilitokea Arkley, kaskazini mwa London, Uingereza, usiku wa 29 Novemba 1975. Graham Hill, bingwa wa dunia wa mbio za magari za Formula One mwaka 1962 na 1968, alikuwa akirusha ndege yake ndogo ya Piper Aztec kutoka Ufaransa, alikokwenda na watu wa timu yake ya mbio kujaribu gari jipya la timu hiyo. Ikishuka kuelekea kiwanja cha ndege cha Elstree katika ukungu mzito, ndege iligonga miti kwenye uwanja wa gofu, ikaanguka na kuwaka moto. Watu wote 6 waliokuwemo walifariki, akiwemo Tony Brise, dereva mwenye kipaji adimu, aliyekuwa na umri wa miaka 23.

Kibali cha Hill cha kuruka kwa kutegemea vyombo vya ndege kilikuwa kimekwisha muda wake. Kwa hiyo bima haikulipa, na familia za marehemu wengine zikadai fidia kwenye mirathi ya Hill.