Barua Imedunda au Imerudishwa?

Mwalimu mmoja wa Rongo, katibu wa chama cha wanafunzi wa zamani, alinipigia simu akiwa kwenye saiba mjini Homa Bay. Alikuwa ametuma mwaliko wa mkutano mkuu kwa barua pepe, kwa mara moja, kwa wanachama zaidi ya 300 waliotapakaa kuanzia Mbita hadi Isebania. Nilipofika nilimkuta ameinamia skrini. Kikasha chake kilikuwa kimejaa majibu, na karibu yote yalitoka kwa mtumaji mmoja mwenye jina la ajabu: Mailer-Daemon.

“Ndugu yangu, barua zimebaunsi,” aliniambia kwa sauti ya chini, kama mtu anayeungama deni.

Ile sauti ya chini naielewa. Wengi wetu nchini Kenya tulilisikia neno hili kwanza kwa habari za cheki. Cheki iliyobaunsi ni cheki ambayo benki imekataa kuilipa, mara nyingi kwa kuwa akaunti haina kitu, na aliyeiandika hubaki na aibu. Neno limehamia kwenye barua pepe pamoja na aibu yake, na halimwambii mwalimu lolote kuhusu kilichotokea.

Anayelitafsiri neno kwa neno huangukia kwenye kudunda. Mpira hudunda. Lakini mpira ukigonga ukuta unarudi wenyewe, na ukuta hausemi kitu. Barua pepe hairudi yenyewe. Kuna seva iliyoipokea mlangoni, ikaisoma anwani, ikaamua kuikataa, na ikataja sababu. Kiswahili kina kitenzi kinachobeba habari hiyo yote katika umbo lake: kurudi, kurudisha, kurudishwa. Ukisema barua imerudishwa, msikilizaji atakuuliza papo hapo: na nani, na kwa nini? Hayo ndiyo maswali mawili ambayo katibu anapaswa kujiuliza. Kwa hiyo mimi nasema barua iliyorudishwa, na kudunda nawaachia wanasoka.

Waliosoma shule za bweni wakati barua zilipitia sanduku la shule hawahitaji kufundishwa. Msimbo 40300 ulipeleka barua Homa Bay, 40400 ukaipeleka Suna-Migori, na bahasha isiyo na mwenyewe ilirudi kwa mtumaji ikiwa na sababu iliyoandikwa juu yake. Mailer-Daemon ni karani wa namna hiyo: programu inayofanya kazi kimya kimya ndani ya seva. Nalisisitiza hili kwa sababu nimeona watu wakifuta majibu yake wakidhani ni virusi au jambo baya zaidi, na kumbe sababu waliyokuwa wakiitafuta imo humo humo.

Sababu hiyo huandikwa kwa namba. Agosti 1982, Jon Postel alichapisha kanuni za seva kupokezana barua, na humo kila jibu lina tarakimu tatu. Tarakimu ya kwanza ndiyo ya kuangalia. Ikiwa 2, barua imepokewa. Ikiwa 4, haiwezekani kwa sasa, jaribu baadaye. Ikiwa 5, imekataliwa. Mpango huo unatumika hadi leo. Mafundi hugawa barua zisizofika kuwa “laini” na “ngumu”, na tafsiri hiyo haifai kitu kwa Kiswahili, kwani barua si ugali. Yenye 4 tuseme imeahirishwa: seva yako huendelea kubisha hodi, pengine kwa siku kadhaa, kabla ya kukata tamaa na kukurudishia. Yenye 5 tuseme imekataliwa.

Tukaketi na mwalimu kusoma moja moja. Nyingi zilikuwa na 550 5.1.1, yaani hapa hakuna mwenye anwani hiyo. Akatoa daftari ambalo wanachama waliandika anwani zao kwa mkono mkutano uliopita. Herufi l ya mtu mmoja ilikuwa imesomwa kuwa namba 1. Nyingine, ambayo haikupata hata seva ya kuipokea, ilikuwa imechapwa .con mahali pa .com. Kosa lilikuwa la kalamu na macho, na hakuna fundi ambaye angelirekebisha bila lile daftari. Huenda anwani nyingine zilifunguliwa saiba kwa ajili ya kuomba kazi, zikasahauliwa. Tangu Desemba 2023 Google imekuwa ikifuta akaunti zisizotumika kwa miaka miwili. Chache zilikuwa na 5.2.2, kikasha kimejaa. Nafasi ya bure ya Google ni GB 15, na humo barua hugombania na picha za simu.

Bahati yake, hakuwa amevuka kikomo. Akaunti ya kawaida ya Gmail huruhusu wapokeaji 500 kwa siku. Ukipita hapo unasimamishwa kwa saa kadhaa, hata siku nzima.

Shule au kikundi chenye anwani yake, tuseme ya .sc.ke au .or.ke, kinakutana na kikwazo kingine. Barua ya chifu isiyo na muhuri hurudishwa dirishani, hata kama ni chifu kweli aliyeiandika. Seva nazo zinadai muhuri. SPF ni orodha ya seva ulizozipa ruhusa kutuma kwa jina lako, DKIM ndiyo muhuri wenyewe, na DMARC ni agizo linalosema barua isiyothibitika ifanyiwe nini. Tangu Februari 2024, Google na Yahoo huzidai zote tatu kwa anayetuma kwa wingi, na Google huhesabu wingi huo kuanzia barua 5,000 kwa siku. Mtumaji mdogo naye anapaswa kuwa na walau mojawapo ya zile mbili za kwanza. Kwa pamoja naziita uthibitisho wa mtumaji.

Jambo moja lilinisikitisha. Mwalimu alikuwa amepanga anwani zote wazi, kila mwanachama akaziona za wenzake. Tarehe 3 Mei 1978, Gary Thuerk wa kampuni ya DEC nchini Marekani alituma tangazo kwa watu wapatao 400 vivyo hivyo. Sehemu ya anwani ikajaa, nyingine zikamwagikia ndani ya barua yenyewe. Siku hizi ipo nakala fiche (Bcc), istilahi ninayoipenda kwa sababu inasema kazi yake: jina limefichwa. Na tangu Sheria ya Kulinda Data ya 2019, anwani ya mtu nchini Kenya ni taarifa yake binafsi, si mali ya katibu.

Watafsiri wa programu, nawaomba mtuandikie hivi tu: “Barua imerudishwa. Anwani hii haipo.” Nawe katibu, ukiona 5.1.1 usiitume tena kwa anwani ile ile. Mpigie mwenyewe simu, akutajie anwani yake herufi kwa herufi.