Mbwa dume wa Kasese na ardhi iliyofungwa

Kwa Wakonzo wa miteremko ya Rwenzori, mbwa alikuwa mwindaji kabla ya kuwa mlinzi. Wanaume walipanda naye kupita mashamba ya migomba, wakaingia msituni na kufika kwenye majabali ya juu wanakoishi pelele, mnyama mdogo mwenye nyama tamu na ngozi yenye manyoya mazito. Upande wa pili wa milima, katika msitu wa Ituri, wawindaji walimfunga mbwa wao njuga ya mbao, kwa kuwa mbwa wa huko habweki ovyo, na bila mlio huo angepotea vichakani. Mbwa kama huyu hakujua kamba. Alikula mabaki, alilala karibu na majivu ya jikoni, na usiku alikwenda alikotaka.

Leo mwenye mbwa dume mjini Kasese au Bwera, upande wa Uganda wa milima hiyo, anapojiuliza kama amhasi au amwache, kwa kweli anajiuliza kuhusu mwendo huo wa usiku. Mbwa hajabadilika sana. Kilichobadilika ni ardhi anayotembea.

Mabadiliko yalianzia ziwani. Mwanzoni mwa karne ya 20, ugonjwa wa malale ulipoenea, utawala wa Waingereza uliwahamisha watu kutoka kando ya maziwa Edward na George. Ardhi iliyobaki tupu ikajaa wanyamapori. Mwaka 1952 ikatangazwa kuwa hifadhi ya taifa, ikaitwa Kazinga, na mwaka 1954 ikapewa jina la Malkia Elizabeth baada ya ziara yake. Milima nayo ikawa hifadhi mwaka 1991. Hivyo mbwa wa Kasese akajikuta kati ya mipaka miwili: juu msitu wa serikali, chini mbuga ya serikali. Kazi ya babu zake ikawa ujangili.

Na si suala la uwindaji peke yake. Mwaka 1994 virusi vya distempa, ambavyo chimbuko lake lilihusishwa na mbwa wa vijijini, viliingia Serengeti na kuua takriban theluthi moja ya simba, karibu 1,000. Tangu hapo hakuna mhifadhi wa Afrika Mashariki anayemwona mbwa akivuka mpaka wa hifadhi na kumchukulia kama mpita njia tu. Katwe, Hamukungu na Katunguru ni vijiji vya wavuvi vilivyomo ndani kabisa ya hifadhi ya Malkia Elizabeth. Huko mbwa akitoka nje ya uzio wa nyumba, yuko mbugani.

Wakati huohuo mji ulikuwa unakua. Reli kutoka Kampala ilifika Kasese mwaka 1956, na mwaka huohuo mgodi wa Kilembe ukaanza kutoa shaba. Maelfu ya watu walikuja kutafuta kazi, nyumba zikasongamana, maduka yakahitaji walinzi. Jike mmoja akipata joto, hali inayodumu kama wiki tatu na kujirudia takriban mara mbili kwa mwaka, madume ya mtaa mzima hukusanyika mlangoni. Hupigana, hung'atana masikio, na baada ya siku 63 hivi kunakuwa na watoto ambao hakuna aliyewataka.

Jibu la serikali za kikoloni, na la halmashauri nyingi baada ya uhuru, lilikuwa risasi au chambo chenye strikinini. Hofu yenyewe ilikuwa ya haki: kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, huua karibu kila mara. Lakini dawa ile ilikuwa ya kikatili, tena haikufanya kazi. Mbwa wakiuawa mtaa huu, wa mtaa wa pili huja kula mabaki yaliyobaki, na miongoni mwa waliouawa wamo waliokuwa wamekwisha kuchanjwa. Kinachozuia kichaa ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa wote wa eneo, na kurudia. Bwera hesabu hiyo ni ngumu zaidi, kwa sababu mto Lhubiriha ndio mpaka wa Uganda na Kongo, na mbwa huuvuka bila kuulizwa kitambulisho.

Kuhasi kwenyewe si jambo geni katika nchi hii. Wafugaji Wasongora wa nyanda za chini na wafuga mbuzi wa milimani wanajua tangu zamani kwamba beberu aliyehasiwa hunenepa, hatoi harufu kali na hapigani. Baadaye likaja koleo la Burdizzo, chombo cha Kiitaliano kinachoponda mishipa ya korodani bila kukata ngozi. Kwa ng'ombe lilikuwa nafuu kubwa. Mbwa, hata hivyo, anahitaji upasuaji wa kweli, usingizi wa dawa na vifaa safi, na huduma hiyo ilichelewa. Makerere ilianza kutoa shahada ya udaktari wa mifugo mwanzoni mwa miaka ya 1970, na kwa haki kabisa ng'ombe ndiye aliyetangulia. Mbwa alisubiri. Chama cha kutetea wanyama, USPCA, kiliundwa Kampala mwaka 1996. Huko Gulu, baada ya vita vya kaskazini, shirika la Big Fix lilianza kuhasi na kuchanja mbwa wa vijijini, na baadhi ya mbwa hao wakapewa watu walioumizwa nafsi na vita ili wawe wenzao. Hilo peke yake linatosha kumnyamazisha anayesema kwamba mbwa wa kijijini hastahili gharama ya daktari.

Je, inafaa? Utafiti uliochapishwa mwaka 1976 kutoka California ulifuatilia madume yaliyohasiwa yakiwa tayari makubwa: kuzurura kulipungua kwa takriban tisa kati ya kumi. Ugomvi kati ya madume ulipungua pia, ingawa si kwa kiwango hicho. Hofu ya wengi ni kwamba mlinzi atalala usingizi wezi wakiingia. Hofu hiyo haina msingi: kubweka na kulinda boma hakutegemei korodani. Halafu kuna uvimbe wa sehemu za siri unaoambukizwa mbwa wakijamiiana, unaoonekana sana Afrika Mashariki, mwekundu, unaotoa damu. Mwaka 1876 daktari wa Urusi, Mstislav Novinsky, aliuhamisha kutoka mbwa mmoja hadi mwingine, jambo la kushangaza, kwa sababu ni saratani hai inayorukia mwili mpya. Mbwa asiyepanda majike hukutana nao mara chache.

Yapo ya upande wa pili. Kwa mbwa wa miili mikubwa, kama German Shepherd wanaopendwa na kampuni za ulinzi, kuhasi kabla ya mwaka mmoja kumehusishwa na matatizo ya viungo, kwa hiyo ni afadhali kusubiri. Na anayetaka kupunguza idadi ya mbwa mtaani aelekeze fedha zake kwa majike kwanza, kwani dume mmoja aliyebaki anatosha kuwapa mimba wote.

Siku ya upasuaji mbwa huenda na tumbo tupu tangu usiku. Mara nyingi hulazwa kwa sindano ya ketamini na zailazini, daktari hukata mbele kidogo ya mfuko wa korodani, huzitoa zote mbili na kufunga mishipa. Mbwa huamka akiyumba. Asipewe chakula mpaka asimame imara, na asiachwe peke yake na mbwa wengine, ambao humshambulia aliyelegea. Safari ya kurudi Bwera kutoka Kasese, kilomita takriban 50, ni bora iwe ndani ya gari kuliko kwenye bodaboda.

Siku 10 hadi 14 zinazofuata ndizo zinazomshinda mwenye nyumba. Mbwa aliyezoea kuzunguka lazima afungwe, alale juu ya gunia safi badala ya vumbi, asiogeshwe, atembezwe kwa kamba tu. Akilamba mshono, nyuzi huachia. Kola ya plastiki ikikosekana, ndoo ndogo iliyokatwa kitako hufanya kazi hiyohiyo. Mfuko kuvimba kidogo ni kawaida. Usaha, harufu, damu isiyokoma au kukataa chakula zaidi ya siku moja ni sababu ya kumrudia daktari, na inzi wasiruhusiwe kutua kwenye kidonda. Vidonge vya maumivu vya binadamu vinaweza kumuua, hasa aibuprofeni.

Kwa wiki kadhaa bado ana manii katika mirija, basi akae mbali na majike kwa mwezi mmoja na nusu hivi. Chakula kipunguzwe kidogo, maana mwili uliohasiwa hunenepa upesi. Na kama hakuchanjwa kichaa, achanjwe siku ya kutoa nyuzi na cheti kihifadhiwe, kwa sababu siku atakapomuuma mtu, karatasi hiyo ndiyo itakayoulizwa kwanza hospitalini.