Kulazwa kwa Muda Mfupi Baada ya Kubadilishwa Kifundo cha Mguu

Mwaka 2021 Medicare, bima ya serikali ya Marekani inayohudumia hasa wazee, iliuondoa upasuaji wa kubadilisha kifundo cha mguu kwenye orodha ya matibabu iliyoyalipia pale tu mgonjwa alipolazwa rasmi. Mzee mwenye bima hiyo sasa aweza kuwekewa kiungo bandia asubuhi na jioni akarudi kwake.

Hapo mfasiri wa habari hizi kwa Kiswahili hupata kazi. Katika hesabu za bima hiyo, hata aliyelala usiku mmoja hospitalini aweza kuandikwa mgonjwa wa nje, kwa kuwa daktari hakutoa amri rasmi ya kumlaza. Kwetu mgonjwa wa nje ni aliyeonwa na daktari, akachukua dawa dirishani, akaenda zake. Kumwita hivyo mtu aliyekatwa mfupa na kuwekewa chuma na plastiki ni kumpotosha msomaji. Napendekeza tutenganishe: upasuaji wa kurudi siku hiyohiyo, kwa asiyelala, na kulazwa kwa muda mfupi, kwa anayelala usiku mmoja au mbili.

Je, ni salama? Tafiti zilizolinganisha wanaoondoka mapema na wanaolazwa kwa muda zaidi, kwa jumla hazikuona matatizo yakiongezeka kwa wanaoondoka mapema. Lakini wanaoruhusiwa mapema huwa wamechaguliwa: wana afya nzuri zaidi na wana watu nyumbani. Matokeo yao hayamhusu kila mgonjwa, na hili ndilo linalosahaulika mno.

Tuangalie hatari zenyewe. Ngozi ya mbele ya kifundo ni nyembamba, hivyo mshono huweza kuchelewa kupona, hasa kwa mvuta sigara au mwenye kisukari. Damu huweza kuganda kwenye mishipa wakati mguu haukanyagi chini. Mambo haya hujitokeza baada ya siku au wiki, wakati hata aliyelazwa siku tatu ameshatoka. Kinachomkuta nyumbani aliyeondoka mapema ni maumivu: ganzi ya neva iliyodungwa nyuma ya goti mara nyingi huisha ndani ya siku moja, na huenda ikaisha usiku wa manane.

Kwa hiyo, kabla ya kukubali kurudi siku hiyohiyo, muulize daktari: dawa ya maumivu nianze kunywa saa ngapi, nani atapokea simu yangu usiku, na nitapandaje ngazi kwa magongo?