Nyumba ya Mwalimu kule Butiama, na mahame yetu sisi

Nyumba inaendelea kusema hata kiisha mwenye nyumba kunyamaza. Juu ya hiyo, wakati wa likizo kubwa, jamaa yetu ilitoka Butembo, ikapita Kasindi, Uganda na Kenya, ikaingia Tanzania kwa mpaka wa Sirari mpaka Butiama, si mbali na Musoma. Tulikuwa watu sita, tangu koko mpaka mtoto wa masomo ya msingi. Tulitaka watoto waone makao ya Julius Nyerere, raisi wa kwanza wa Tanzania, aliyeacha kiti kwa hiari yake mwaka 1985 na kurudi kijijini kulima.

Alizaliwa pale pale mwaka 1922, mtoto wa chifu Burito wa Wazanaki. Jina Nyerere linatokana na viwavi waliojaa inchi wakati baba yake alipozaliwa. Watoto wakacheka. Koko akawaambia: "Musicheke, wajukuu. Kwetu Wayira jina linahesabu tumbo la mama: Mumbere ni wa kwanza, Kambale ni wa pili. Wenzetu wao wanaandika habari ya mwaka ndani ya mtoto."

Makao yenyewe yanaitwa Mwitongo, ndiyo kusema mahame, mahali wazee walipokaa zamani. Ni pahali pa mawe makubwa na miti. Karibu kuna pori la Muhunda. Wazee wa Kizanaki walisema ni makao ya roho inayolinda kijiji, na kwa sababu hiyo pori liliheshimiwa. Sisi watu wa upande wa Kasugho hatushangai: hifadhi ya Tayna nayo ilianza mwaka 1998 kwa mapatano na wami wa Batangi na wa Bamate, kiisha serikali ikaitambua mwaka 2006. Pori linadumu pale wenye udongo wanapokubali kulilinda.

Pale Mwitongo kuna nyumba ya zamani, na nyingine kubwa zaidi aliyojengewa na jeshi. Hiyo kubwa ilimalizika mwaka 1999, na Mwalimu alikaa humo muda mfupi tu. Tarehe 14 Oktoba mwaka ule ule alifariki London. Makumbusho yaliyofunguliwa mwaka huo yanaonyesha zawadi alizopewa na vyombo vya kikwetu vya Wazanaki. Lakini kilichotunyamazisha ni makaburi: Mwalimu analala karibu na baba yake na mama yake, Mgaya.

Tukajiuliza: wakubwa wa inchi yetu wako wapi? Lumumba aliuawa tarehe 17 Januari 1961, mwili wake ukaharibiwa. Jino moja tu ndilo Ubelgiji ilirudisha mwaka 2022. Mobutu alijenga majumba ya fahari kule Gbadolite, na uwanja ambapo hata Concorde ilishuka. Yeye alikufa Rabat mwaka 1997, akazikwa huko Moroko, na majumba yakaporwa. Kumbe ukubwa wa nyumba hauilindi. Nyumba inalindwa na watu waliobaki wakiipenda.

Na sisi wenyewe je? Vita vimehamisha jamaa nyingi za Lubero na Beni. Makaburi ya bakoko yamebaki kwenye mashamba ambayo mengine yameuzwa, mengine yameota majani, na watoto waliozaliwa mujini hawajui njia ya kufika. Hatuhitaji makumbusho ya serikali ili kuanza. Kila jamaa inaweza kuandika kwenye daftari majina ya wazee, kilima walichokaa, na mti unaoonyesha kaburi. Na pale usalama uko, baba amupeleke mtoto kwa miguu, amuonyeshe mpaka wa shamba. Mwitongo ulikuwa mahame pia, mpaka mtoto wake mumoja akarudi.